Bafu lililojengwa mara mbili: uchambuzi wa kisa cha ukarabati Dar es Salaam

Kisa hiki kinaandikwa kwa ruhusa ya familia husika. Majina, mtaa na lolote la kuwatambulisha vimeondolewa. Binti aliyebeba mzigo wa kazi namwita Dada, baba yake namwita Mzee, na mafundi wakuu wawili nawataja kwa namba. Mimi ni msimamizi wa kazi ndogo za ujenzi na niliitwa katikati, mambo yalipokwisha haribika. Ya kabla ya hapo nimeyapata kwa Dada mwenyewe, kwenye risiti zake na kwenye jumbe za simu alizonionyesha.

Usuli

Nyumba ni ya tofali za saruji, vyumba vitatu, iliyopandishwa polepole miaka ya 1990 kadiri mshahara ulivyoruhusu. Choo kilikuwa cha kuchuchumaa, kiko uani, hatua kama ishirini kutoka mlango wa jikoni. Ndani palikuwa na bafu la kuogea tu, mita 1.6 kwa mita 2.4, sakafu ya saruji, na tundu ukutani linalotoa maji kwenda kwenye mfereji wa nje. Familia iliishi hivyo karibu miaka 30 bila shida.

Desemba Mzee, aliyekwisha kuvuka miaka 70, alipata kiharusi. Upande wa kushoto ukalegea. Hospitali ilipoanza kuzungumzia kumruhusu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimuuliza Dada swali moja: "Nyumbani choo kikoje?" Dada anasema hapo ndipo alipoishiwa nguvu. Mtu ambaye goti halikunji vizuri na mkono mmoja haushiki hawezi kuchuchumaa, wala hawezi kuvuka ua usiku wakati wa mvua. Walikuwa na siku 12 za kugeuza lile bafu kuwa bafu lenye choo cha kukaa.

Watoto watatu walichanga shilingi 2,800,000. Kaka mkubwa, anayefanya kazi Dodoma, alitoa zaidi ya nusu. Dada, anayeishi na wazazi, alitoa alichokuwa nacho na kujitolea kusimamia. Mdogo wao akamalizia. Ni nani angekuwa na neno la mwisho kwa fundi, hilo hawakukaa kulizungumza. Likaja kuwagharimu.

Awamu ya kwanza: Januari

Fundi wa Kwanza alipatikana kwa jirani. Alikuwa amemwekea marumaru sebuleni mwezi mmoja nyuma, na sebule ile kweli inapendeza: mistari imenyooka, kona zimekatwa safi. Dada alimpigia simu, akamweleza kazi, akamuuliza kama anaweza na mambo ya choo na mabomba. Akajibu anaweza. Bei ya ufundi ikatajwa hapohapo kwenye simu kabla hajaliona bafu: shilingi 700,000 kazi nzima. Kianzio asilimia 60, yaani 420,000, kikatumwa jioni ile.

Kesho yake alikuja na orodha ya vifaa iliyoandikwa kwenye ukurasa wa daftari. Dada hakuwa na muda, alikuwa anashinda hospitali, hivyo pesa ya vifaa nayo, 1,900,000 kwa mafungu matatu, ilipita mkononi mwa fundi.

Siku ya kwanza alibomoa kila kitu, pamoja na bomba lililokuwa linaleta maji jikoni. Siku ya nne hakuonekana. Alikuwa na kazi nyingine mahali pengine na huko nako walikuwa wanamsubiri. Alirudi siku ya tisa na vijana wawili, Mzee akiwa ameshapangiwa tarehe ya kutoka. Kwa siku zilizofuata amri zilitoka pande tatu. Mama alitaka sinki likae karibu na mlango. Kaka alipiga simu ya video kutoka Dodoma akasema sinki lihamie chini ya dirisha, na marumaru zipande mpaka darini. Dada alikuwa akisema, "Fundi, fanya haraka tu, baba anarudi." Mzee alirudi siku ya 13 akakuta bafu halijakwisha, alitumia kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati na ndoo chini yake, kwa siku mbili.

Siku ya 15 kazi ikakabidhiwa. Bafu liling'aa. Picha zikaenda kwenye kundi la familia, watu wakashukuru, fundi akalipwa 230,000 nyingine, ikabaki 50,000.

Wiki ya tatu harufu ilianza, hasa asubuhi. Walinunua dawa za kunukia. Wiki ya tano ukuta wa chumba cha kulala kilichopakana na bafu ulianza kutoa rangi kama ganda la yai, kuanzia chini mpaka usawa wa goti. Maji ya kuoga yalikuwa yanatuama kwenye kona ya mbali, na kila aliyeoga alitakiwa kuyasukuma kwa fagio.

Kisha Mzee akateleza. Marumaru za sakafuni zilikuwa zile za kung'aa, za sebuleni, na zilikuwa zimelowa. Akashika sinki kwa mkono wake wa kulia, sinki likang'oka ukutani naye akaenda nalo chini. Kwa rehema za Mungu hakuvunjika. Alichubuka bega na akavilia damu nyongani. Ila kwa zaidi ya wiki moja alikataa kuingia bafuni, akarudi kwenye kile kiti cha plastiki. Dada aliponisimulia hili alinyamaza kidogo kabla ya kuendelea.

Simu ya fundi ilipokelewa mara mbili, kwa ahadi, kisha haikupokelewa tena.

Tulichokikuta chini ya marumaru

Niliitwa mwezi wa Machi mwishoni. Nilianza kwa ndoo moja ya maji, nikaimwaga mlangoni taratibu. Maji yalipita kando ya tundu la kutolea yakaenda kukaa kwenye kona iliyopakana na chumba cha kulala. Pimamaji ikaonyesha kona ile iko chini ya tundu kwa karibu sentimita moja, wakati sakafu ya bafu inatakiwa ielekee kwenye tundu kwa sentimita moja na nusu hadi mbili kwa kila mita. Tena haikuwa tofauti ya kupima kwa jicho la mtaalamu. Mtoto angeiona kwa ndoo.

Kisha nikagonga marumaru kwa sarafu, moja baada ya nyingine. Iliyoshika vizuri hutoa mlio mzito, mfupi. Yenye uwazi nyuma hulia kama kopo. Ukuta wa mlangoni ulikuwa mzima kabisa, na nilimwambia Dada hivyo. Upande wa kuogea, uliomaliziwa na vijana siku mbili za mwisho, karibu nusu zililia. Tukabandua tatu. Nyuma yake udongo wa saruji wa kubandikia ulikuwa umewekwa mabonge matano, kona nne na katikati, na nafasi kati ya mabonge ilikuwa imejaa maji. Nyuma ya hapo ni tofali tupu. Dawa ya kuzuia maji haikupakwa popote.

Harufu nayo ilikuwa na sababu yake. Tundu la sakafuni liliunganishwa moja kwa moja kwenye bomba la inchi 4 linalokwenda kwenye chemba (kishimo cha kukagulia mabomba) na karo (shimo la maji taka), bila trapu. Trapu ni ule mpindo unaobakiza maji kidogo, kama sentimita tano hivi, na maji hayo ndiyo kizibo kati ya hewa ya karo na pua zenu. Bila hayo, bafu ni bomba la kupumulia la karo. Hata choo chenyewe, ambacho kina trapu yake ndani, kilikuwa kinapoteza maji yake, kwa sababu hapakuwa na bomba la hewa linalopanda juu ya paa. Maji mengi yanaposhuka kwa kishindo ndani ya bomba lisilopumua, huvuta na yale ya kwenye trapu.

Sinki lilikuwa limeshikiliwa na skrubu mbili fupi zilizoishia kwenye lipu, hazikufika kwenye tofali.

Kumtafuta Fundi wa Pili

Kabla ya kutafuta fundi tulikaa kikao cha familia, Kaka akiwa kwenye simu. Nilisema jambo moja tu: fundi atasikiliza sauti moja. Wakakubaliana iwe ya Dada. Mama na Kaka wangempa yeye maoni, naye ndiye angeyapeleka au kuyazuia. Kaka alikubali kwa shida kidogo, kwani ndiye mtoa pesa, lakini alikubali, na kusema kweli alishika neno lake mpaka mwisho.

Tuliita mafundi watatu, kila mmoja kwa siku yake, na hakuna aliyeruhusiwa kutaja bei kwenye simu. Kila mmoja aliulizwa mambo yaleyale akiwa amesimama ndani ya bafu. Hatukuuliza "unaweza?" Tuliuliza: "Bafu la mwisho ulilofanya liko wapi, na lile lililokaa mwaka mmoja au zaidi liko wapi, tukalione?"

Wa kwanza alikuwa na picha nyingi kwenye simu, hakuwa na nyumba ya kutupeleka. Wa pili alikuwa kijana mwenye cheti cha ufundi bomba cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, vifaa vyake vizuri, maelezo yake yamenyooka. Bafu lake la zamani kuliko yote lilikuwa na miezi minne. Wa tatu alikuwa mtu mzima wa makamo, fundi bomba, asiye na cheti chochote. Alitupeleka kwenye nyumba mbili. Moja bafu lilikuwa na miaka mitatu. Mwenye nyumba alitukaribisha, Dada akamuamkia na kuomba radhi kwa kumsumbua, kisha tukaingia na kufanya mambo mawili: tukavuta pumzi, na tukaenda kuugusa ukuta wa upande wa pili. Ulikuwa mkavu, na masika tatu zilikuwa zimeshapita juu yake.

Huyu wa tatu ndiye aliyepiga magoti, akachungulia kwenye tundu kwa tochi, akatoka nje kutafuta chemba kabla hajasema lolote kuhusu marumaru. Dada alipomuuliza, "Baba, utaanzia wapi?" alijibu, "Mwanangu, kwanza nijue maji yanakwenda wapi. Marumaru ni nguo tu." Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelitaraji: "Mzee mkono wake wenye nguvu ni upi?"

Tukamchagua yeye kuongoza kazi, na ndiye ninayemwita Fundi wa Pili, kwa sharti kwamba atakuja na fundi marumaru anayemfahamu, na yule kijana wa VETA akakubali kuja kwa siku mbili kuchomea mabomba ya PPR (ya plastiki, yanayounganishwa kwa joto), kwa sababu mashine yake ilikuwa bora. Ufundi wote ukakubaliwa 900,000. Ni 200,000 zaidi ya ule wa mwanzo. Mama alilalamika, nami namuelewa. Pesa ilikuwa inauma.

Mapatano yaliandikwa ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kawaida, yakasainiwa mbele ya mjumbe. Malipo yaligawanywa hivi:

- Kubomoa na kusafisha: 135,000
- Mabomba ya maji safi na maji taka, baada ya kupimwa: 225,000
- Lipu, mwinamo wa sakafu na dawa ya kuzuia maji, baada ya kupimwa kwa saa 24: 225,000
- Marumaru na kufunga vyombo: 180,000
- Baada ya siku 21 za kutumia: 135,000

Kianzio hakikuwepo. Badala yake familia ilinunua vifaa vyote yenyewe, Dada akienda Kariakoo pamoja na fundi, fundi akichagua na Dada akilipa na kuchukua risiti. Fundi alilipwa nauli na chakula siku hiyo.

Awamu ya pili: Aprili

Dada alichukua likizo ya siku 14. Kazi ilichukua siku 13, na sitaieleza siku kwa siku, kwa kuwa nyingi zilikuwa za kawaida: kutindua, kubeba vifusi, kusubiri saruji ishike. Mzee alihamishiwa kwa ndugu mwenye choo cha kukaa.

Kilichobadilika katika ramani kilitokana na lile swali la mkono. Choo kiligeuzwa ili ukuta uwe upande wa kulia wa Mzee anapokaa, na ukutani pale kikafungwa kishikio cha chuma kisichoshika kutu, kimetobolewa mpaka ndani ya tofali. Siku ya kukijaribu, fundi alikining'inia kwa uzito wake wote, akamwita na kijana wake naye akining'inie. Kishikio cha pili kikawekwa sehemu ya kuogea, pamoja na kiti cha plastiki chenye miguu ya mpira. Sakafu ikawekwa marumaru ndogo za sentimita 30 kwa 30, zenye uso wa kukwaruza. Mlango ukageuzwa ufunguke kwa nje, kwa sababu mtu akianguka nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani, mwili wake ndio unaouzuia msiingie kumuokoa. Hili nilikuwa nimelisahau mimi. Fundi ndiye aliyelikumbusha.

Kwenye maji taka ikawekwa trapu ya sakafuni, na bomba la hewa likapandishwa mpaka juu ya paa. Mabomba ya maji safi yalijazwa kwa pampu ya mkono yenye geji ya kupimia mgandamizo, tukaiacha saa nzima na mshale haukusogea. Malipo ya pili yakatoka siku hiyo hiyo, mbele ya geji.

Jaribio la saa 24 ndilo lililotikisa kazi. Dawa ya kuzuia maji ilipakwa mikono miwili, sakafu nzima na kuta, upande wa kuogea ikipanda mpaka juu ya kichwa. Ilipokauka tuliziba tundu, tukajenga kizuizi kidogo cha udongo mlangoni, tukajaza maji kina cha sentimita tatu, na nikachora mstari wa penseli ukutani usawa wa maji. Asubuhi maji yalikuwa yameshuka sentimita moja na nusu.

Fundi marumaru alikuwa ameshafika na zana zake. Alisema ni maji kukauka tu kwa joto, tuendelee. Sentimita moja na nusu usiku mmoja, ndani ya chumba kilichofungwa, si kukauka. Fundi wa Pili alinyamaza, akachota maji yote kwa kikombe, akapitisha kidole kuzunguka bomba la inchi 4 pale linapotokeza sakafuni. Palikuwa na ufa mwembamba kama uzi kati ya bomba na zege. Dawa ilikuwa imepakwa juu yake bila kitambaa cha kuimarisha maungio. Aliona aibu, nadhani zaidi kwa sababu kijana wake alikuwa anatazama. Akalichimba, akaliziba, akaweka kitambaa, akapaka upya. Ilikauka siku moja, tukajaza tena saa 24, na mstari ukabaki palepale.

Siku hizo mbili fundi marumaru alikaa bure. Aliomba alipwe, na mapatano hayakusema chochote kuhusu kusubiri. Dada aliamua kumpa 20,000 kwa siku. Niliunga mkono. Kosa halikuwa lake, na angeondoka kwenda kazi nyingine tungemsubiri wiki.

Siku 21 baada ya kukabidhi, Fundi wa Pili alikuja kuchukua 135,000 zake. Hakuulizia pesa kwanza. Aliomba ndoo, akaimwaga mlangoni, akasimama kutazama mpaka tone la mwisho likaingia kwenye tundu.

Matokeo

Bafu linafanya kazi. Harufu haipo, sakafu inakauka yenyewe, Mzee anaingia peke yake mchana na kusindikizwa usiku.

Kuhusu pesa: awamu ya kwanza ilikula 2,550,000. Serikali ya mtaa ilimwita Fundi wa Kwanza, akafika, akaahidi kurudisha 150,000 kwa mafungu, akarudisha 50,000. Hapakuwa na karatasi yoyote ya kumbana nayo zaidi. Awamu ya pili ilikula 2,200,000: ufundi 900,000, vifaa 1,260,000, na 40,000 za kusubiri. Jumla, baada ya kutoa kilichorudishwa, 4,700,000. Vifaa vya awamu ya pili vingezidi hapo kama kuta mbili nzuri za Fundi wa Kwanza, choo na sinki visingetumika tena.

Uchambuzi

Sipendi kumwita Fundi wa Kwanza "fundi maiko", yaani fundi wa kubahatisha, ingawa mtaani wengi wameshamwita hivyo. Ule ukuta wa mlangoni aliouweka kwa mkono wake umesimama mpaka leo. Ni fundi marumaru mzuri aliyepewa kazi ya fundi bomba. Aliulizwa "unaweza?", na kwa mtu anayelipwa kwa kazi, swali hilo lina jibu moja tu. Familia ilimpima kwa sebule. Sebule haina maji yanayokwenda popote. Naamini kabisa kwamba mtu huyohuyo, chini ya usimamizi wa Fundi wa Pili, angefanya kazi safi.

Kuondoka kwake siku ya nne nako kuna mzizi. Mafundi wengi huishi kwa vianzio: cha kazi mpya kinalipa deni la kazi ya zamani. Alikuwa na 420,000 mkononi kabla ya kugusa tindo, kwa hiyo kazi iliyokuwa inamsubiri kumlipa ilikuwa ile nyingine. Asilimia 60 mwanzoni inamwambia fundi kwamba kwenu hakuna haraka, hata kama mdomo unasema ipo.

Vifaa ndiko pesa ilikovuja kimyakimya. Orodha yake ilidai boksi 20 za marumaru za ukutani za sentimita 30 kwa 60. Hesabu iko wazi kwa yeyote mwenye futi kamba. Kuzunguka bafu ni mita 8, kwenda juu mita 2.4, hiyo ni mita za mraba 19.2. Toa mlango na dirisha, karibu mita 2, zinabaki kama 17.3. Ongeza asilimia kumi ya kukatika na kuvunjika, unapata 19. Boksi la marumaru nane za kipimo hicho hufunika mita 1.44. Ni boksi 14. Sita hazikuonekana. Saruji iliyoagizwa ilikuwa mifuko 12. Kwa lipu na sakafu ya ukubwa ule, mitano inatosha. Watu wataita wizi, na sehemu yake ni wizi. Lakini bei ya 700,000 kwa kubomoa, mabomba, lipu, marumaru na vyombo ilikuwa ndogo kiasi kwamba cha juu kilikuwa kimeshaandikwa ndani yake. Fundi anayebanwa kwenye ufundi hujilipa kwenye vifaa, na familia ikaona imepata nafuu.

Kilichookoa awamu ya pili ni kulipa baada ya kupima, kabla ya kufunika. Fundi wa Pili ni mwaminifu na bado alikosea, mahali ambapo marumaru zingefunika kosa kwa miaka miwili kabla ukuta haujaanza kutoa jasho. Tungemtegemea kwa uaminifu wake pekee, tungerudia yaleyale kwa mtu mzuri zaidi. Mstari wa penseli ulimlinda na yeye.

Haraka ya mwanzo sitailaumu. Mzee alikuwa anarudi. Ila palikuwa na njia ambayo hakuna aliyeiona kwa hofu: kile kiti cha plastiki, au kwa ndugu, kwa wiki tatu. Baadaye ndiko alikokwenda, na hakudhurika. Siku 12 zilikuwa za hospitali. Bafu halikulazimika kuzifuata.

Yapo tuliyokosea nasi. Mapatano yangetaja malipo ya kusubiri. Marumaru za awamu ya pili hazikupatikana za rangi ileile, kwa kuwa maboksi ya kwanza yalishatupwa na namba ya kundi la utengenezaji haikuandikwa popote, hivyo kuta mbili zina weupe tofauti na nyingine mbili. Fundi marumaru alilificha kwa mkanda wa kijivu kwenye kona, na Mama anasema anaupenda.

Kosa kubwa zaidi upande wangu ni ukuta wa chumba cha kulala. Niliruhusu upakwe rangi mwezi wa Mei, masika bado inanyesha, nikidhani kwa kuwa maji yamezuiwa ukuta umekwisha pona. Tofali lililokunywa maji miezi mitatu halikauki kwa wiki tatu. Rangi ikavimba tena na Dada akanipigia usiku, sauti inatetemeka, akidhani bafu limevuja upya. Nilikwenda kesho yake alfajiri. Bafu lilikuwa zima. Tulikwangua rangi na lipu iliyooza mpaka kwenye tofali, tukaliacha wazi, dirisha likifunguliwa kila siku, mpaka Agosti. Ndipo likapigwa lipu na rangi, kwa gharama yangu.